Mtoto Akikueleza, Usianze Kumwogesha

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Ujiji, binti wa kaka yangu aliyekuwa na miaka 9 aliniambia, tukichambua dagaa pamoja, kwamba hataki tena kutumwa kwa jirani mmoja tuliyemheshimu sana. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema mapema?" Akanyamaza. Najutia swali lile hadi leo, kwa sababu alilisikia kama lawama, na ilimchukua hadi kesho yake kuniuliza, "Shangazi, nikisema nitapigwa?"

Mtoto akikufungulia moyo kwamba amefanyiwa ukatili wa kingono, kama alivyofanyiwa binti yetu, mwambie kwamba unamwamini na kwamba hana kosa, kisha mwache aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Usimrudishe kwenye maelezo yaleyale mbele ya kila ndugu anayeingia, maana kila mara anaumia upya.

Wifi yangu, kwa uchungu wa mama, alikwisha kumwogesha mtoto na kufua nguo zake, na hivyo ushahidi mwingi ukaenda na maji. Nguo zisifuliwe, bali ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa nailoni hutunza unyevu na kuziharibu. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani dawa za kumkinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utapewa PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Usipojua pa kuanzia, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, bila malipo.

Kilichotuchelewesha zaidi ni kikao cha ukoo. Wazee walitaka yaishe nyumbani kwa fidia, jina la familia lisichafuke, na kaka yangu akaelekea kukubali. Nawaheshimu wazee wangu, lakini kumbaka au kumlawiti mtoto ni jinai ambayo mshtaki wake ni Jamhuri, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kuifuta. Fidia ile ingepokelewa na watu wazima, huku mtoto akiendelea kupishana na mtu yule kila asubuhi akienda shule. Tulifika hospitali siku ya tatu, zikiwa zimebaki saa chache tu.

Wavulana nao wasisahauliwe: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 hapa Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18.

Kwa miezi mingi binti yetu alikojoa kitandani, na hatukumkaripia hata mara moja. Hadi sasa, kabla ya kumtuma popote, namuuliza kwanza kama anataka kwenda. Akisema hapana, naenda mwenyewe.