Mwanangu, kitanda cha pili ni cha nani?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini, Chikongola. Nacheza poka, zile karata za pesa, mtandaoni na nimefika mbali: mwezi uliopita nilishinda kiingilio cha mashindano yanayofanyika ndani ya meli ya kitalii. Meli inaondoka Barcelona, Hispania, wiki ya kwanza ya Julai. Ni siku saba, inapita Marseille na Tunis na kurudi. Ni safari ya bure na bahati ya aina hii haiji kila mwaka. Hata yule Mmarekani Chris Moneymaker alianzia mtandaoni akaondoka na dola milioni 2.5. Chumba cha watu wawili nimeshalipia amana kwa hela ya korosho za shamba langu la Tandahimba, lile ambalo mjomba wa mke wangu alitugawia tulipooana. Rafiki yangu wa Dar tunayecheza pamoja ananisaidia mambo ya viza na mavazi. Koti nimeshachagua, hela ya akiba nitaishona kwenye kola yake, na nimefanya mazoezi ya uso usioonyesha kitu. Tatizo ni mke wangu. Yeye haendi, na tangu asikie habari hii amehamia shambani na watoto wadogo, simu hapokei, na mama mkwe amesema nisikanyage kwake. Amebaki binti yangu mkubwa tu, kwa sababu ya shule, maana nasomesha shule ya kulipia hapa mjini. Shangazi, mke wangu hanisapoti kwa lolote. Nimfanyeje aelewe? Na nijiandaeje nisije kuaibika mbele ya wazungu?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba kuwa kimya. Mtu kurudi jioni akakuta jiko limepoa si jambo dogo. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi kichwa kikiwa chepesi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wewe hii umeivuta mpaka ngozi inataka kuchanika. Wazee wanasema pia asiyekuwapo na lake halipo. Hapa kwangu lake lipo. Mkeo hajaniandikia, na sidhani kama ana nafasi ya kuandika barua, kwa sababu ninavyojua mimi msimu wa mikorosho, wakati wewe unachagua koti yeye ameshika jembe.

Tuanze na hiyo safari ya bure. Ulichoshinda ni kiti mezani, basi. Nauli ya ndege mpaka Dar, na Dar mpaka Barcelona, hakuna aliyekulipia. Chumba umelipia mwenyewe. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, mtu mzima hutoa yuro 90, na wakikukatalia hairudi hata senti. Wanataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, wanataka taarifa ya benki, na kwa kuwa meli yako inatoka Ufaransa inaingia Tunisia halafu inarudi Hispania, viza ya kuingia mara moja haikufai. Utakuwa umetoka Schengen ukarudi tena. Huyo rafiki wa Dar anayeshughulikia viza amekuambia hilo, au anashughulikia mavazi zaidi?

Nina mpwa wangu aliyewahi kuhudumu kwenye meli za namna hiyo, na nilipomsomea barua yako alicheka mpaka nikamkatia simu. Anasema chakula cha kawaida kimo kwenye nauli, lakini soda, bia, intaneti, matembezi ya nchi kavu na bahashishi ya wahudumu vina hesabu yake. Huko hawashiki noti. Unapewa kadi ya chumba, kila unachogusa kinaandikwa, na jumla unaletewa mwisho wa safari. Anasema asubuhi ile amewaona watu wazima wamekaa kwenye ngazi wameshika karatasi, hawazungumzi na wake zao.

Na kasino yenyewe, meli ikitia nanga bandarini hufungwa. Mchezo ni wakati meli iko baharini. Mashindano ukitolewa mapema, na wengi hutolewa mapema, hutakaa siku zilizobaki ukitazama maji, nakujua bila kukuona. Utahamia meza za pesa taslimu. Kule karibu kila mzunguko kasino inakata chake kabla mshindi hajavuta fungu, kwa hiyo hata mkiwa wachezaji hodari watupu, kufikia alfajiri hela iliyoko mezani imepungua na hakuna aliyeiba. Cha mlevi huliwa na mgema.

Huyo Moneymaker uliyenitajia habari zake ni za kweli. Las Vegas, mwaka 2003, kwenye mashindano makubwa ya poka, kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000 naye alikipata kwa mchezo wa bei nafuu wa mtandaoni. Lakini mwaka ule waliketi watu 839. Nitajie mmoja katika wale 838 wengine, bila kufungua simu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo umelipitia haraka haraka kama mtu anayemkwepa anayemdai sokoni. Umeandika "shamba langu". Mstari huo huo umeandika kwamba aliyewagawia ni mjomba wa mkeo. Mwanangu, wewe ni mtu wa kusini au umehamia na mabomba ya gesi? Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti. Zamani mwanaume aliyeoa alihamia kwa wakwe, akalima, akapimwa kwa mikono yake. Wewe hukuhama, ulipewa mikorosho iliyosimama ikizaa, ukaandikishwa jina lako kwenye chama cha msingi cha ushirika, malipo ya ghala yakawa yanaingia kwenye akaunti yako. Jina kwenye kitabu cha chama si umiliki, ni heshima waliyokupa. Kwa hiyo mkeo hajakukimbia. Amerudi kukaa juu ya mali yake kabla hujaiweka mezani Barcelona. Mama mkwe naye anayekukataza kukanyaga ana haki zote, na mimi ningekuwa yeye ningekuwa nimeshamwita mjomba.

Halafu Julai. Katika miezi yote umechagua Julai! Unajua vizuri kwamba mikorosho inapoanza kutoa maua ndipo ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, unaposhambulia, ndipo salfa, dawa yake, inapopulizwa, na ukipuliza mara moja ukaacha umepoteza. Inataka kurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi mpaka maua yashike. Mwanamke mmoja na watoto wadogo, mashine mgongoni, vumbi la salfa machoni, na mume yuko Bahari ya Mediterania amevaa miwani ya jua usiku. Oktoba minada ikifunguliwa utakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini mzigo umepungua ghalani.

Nije kwenye chumba. Umesema ni cha watu wawili. Umesema mkeo haendi. Hujasema popote kwamba ulimwomba aende. Najua utetezi wako: meli hizi hupanga bei kwa watu wawili, na anayelala peke yake hutozwa karibu sawa na wawili. Ni kweli, mpwa wangu kathibitisha. Lakini wanapokuandikisha wanataka majina ya wasafiri kama yalivyo kwenye pasipoti. Jina la pili umeandika la nani? Mkeo pasipoti anayo? Ofisi ya Uhamiaji iko hapo hapo mjini, ungekuwa na nia ungemshika mkono mkaenda. Na huyu rafiki wa Dar, anayekuchagulia nguo, anayejua tarehe zako zote, ambaye kwenye barua ndefu namna ile hukumpa jina wala kusema ni mwanamume au mwanamke? Simsingizii mtu. Nasema mkeo ameishi na wewe miaka yote hiyo na hilo swali alilijibu siku aliyofunga mizigo. Mwanamke hahamii shambani kwa sababu ya karata.

Ndiyo maana ombi lako la "nimfanyeje aelewe" linanichekesha. Ameelewa. Unasema umefanya mazoezi ya uso usioonyesha kitu, maana poka ni kuzuga, mtu ana karata mbili mkononi wengine hawazioni na anajifanya ana zaidi. Mazoezi hayo umeyafanyia wapi, mwanangu, kama si mezani kwako wakati wa chakula cha usiku?

Nisieleweke vibaya, mimi si adui wa karata. Hapa Lindi wazee hucheza bao mpaka adhana iwatenganishe, na mimi mwenyewe kwenye lasti kadi wajukuu wananiogopa. Wala sitakusomea dini. Kurani imeshaizungumza kamari katika Sura ya al-Maida, na imamu wako hayuko mbali. Ninachokiona mimi ni mtu aliyemaliza maandalizi yote, kuanzia koti mpaka chumba, na aliyemwacha wa mwisho kuambiwa ni yule ambaye hela ni jasho lake.

Na hapa niseme na wengine pia, kwa sababu barua za namna hii zimekuwa nyingi. Siku hizi kila mtu anataka sapoti. Mume anataka sapoti kwenye biashara asiyoieleza, mke anataka sapoti kwenye vikoba alivyojiunga kwa siri, na mwenzake akiuliza swali moja anaambiwa ana roho ya kurudisha watu nyuma. Tangu lini kuuliza "shilingi ngapi?" kukawa uadui? Mipango inatangazwa kwanza kwenye kundi la WhatsApp, watu wanapongeza, wanaweka makopakopa, halafu ndipo mwenye nyumba anaambiwa, na akinuna anaonekana mshamba. Simu zina namba za siri, mishahara ina namba za siri, sasa na safari zina namba za siri. Jandoni mlikaa porini mnafundishwa nini? Sisi unyagoni tuliambiwa waziwazi kwamba nyumba ina mambo ya kunyamazia na mambo ya kusema, na hela ya chakula cha watoto haikuwa kwenye fungu la kunyamazia. Makungwi wa leo wanafundisha kiuno tu, nao tutawasema siku yao. Vijana wanaingia kwenye ndoa wanajua sare za sendoff zinauzwa duka gani, lakini hawajui kukaa mkekani na kuhesabu noti mbele ya mwenzao. Halafu mnashangaa.

Basi, umeuliza ujiandaeje. Nakujibu.

Jumamosi hii panda gari uende Tandahimba. Usimtume mshenga, usitume ujumbe. Usiende na kitenge cha kumpoza. Nenda na ile karatasi ya malipo ya amana na taarifa ya benki ya msimu wote, anzia kwa mjomba, umsalimie, ukae chini. Akikuweka juani ukae juani. Kisha umwambie mkeo mwenyewe ni kiasi gani kimetoka, kwa tarakimu, na jina la pili la chumba. Kama jina hilo ni la mwanamume mwenzako, atajua na utapona. Kama si hivyo, una kesi kubwa kuliko poka na utaniandikia barua nyingine, tena ile utaandika ukweli.

Usianze kujieleza mpaka akuulize. Na ukikuta wanapulizia, vua shati la mjini uchukue mashine.

Akikubali uende, na anaweza kukubali, wanawake wa huku si wakali kama mnavyowasema baraza zenu, basi nenda baada ya kuajiri vibarua wa kupulizia kwa hela uliyokuwa umeitenga kwa meza za pesa taslimu. Mezani uende na kile kiingilio ulichoshinda peke yake, ukitolewa umetolewa, upande juu ukatazame bahari. Mabunda ya noti usiyashone kwenye kola ya koti. Anayeingia Umoja wa Ulaya na yuro 10,000 au zaidi anatakiwa kuzitangaza forodhani, na mtu mwenye kola iliyovimba haombwi, anavuliwa. Habari ya kuaibika mbele ya wazungu iache, hawakujui na hawakutazami. Wanaokutazama wako Tandahimba.

Na akikataa, amekataa. Hela ni yake.

Jambo la mwisho halingoji Jumamosi. Kampuni za meli, kadiri tarehe ya safari inavyosogea ndivyo zinavyokata zaidi ukighairi, na ikifika karibu hazirudishi kitu. Wapigie kesho uulize amana yako imefikia wapi. Masharti yamo kwenye ile karatasi, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kiingereza chake kikikupiga chenga mpe huyo binti yako mkubwa akusomee, si yupo hapo, anakupikia na daftari liko mkononi? Muhula unafunguliwa Julai hiyo hiyo, na nadhani angependa kujua ada yake imelala kwenye chumba cha nani.