Usijifiche nyuma ya neno "singenunua"

Mtoto wa dada yangu alinijia jioni moja, umeme umekatika kama kawaida, simu mkononi. Ameanzisha kikundi cha Telegram cha kuuza nakala haramu za michezo ya video. Unamtumia dola 2 kwa simu, unampelekea flashi, anakujazia. Nikamuuliza kama haogopi. Akacheka: "Mjomba, wanapoteza nini? Wateja wangu hawangenunua mchezo wa dola 60 hata siku moja."

Maneno hayo nayajua. Nimeyasema mimi mwenyewe kwa miaka minne, nilipokuwa na sali ya michezo, yaani chumba cha kucheza kwa kulipa, katika komini (mtaa) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Nilikuwa na PlayStation 2 tatu, televisheni za mgongo, benchi mbili. Mashine zote zilitiwa puce, kichipu cha kuvunja kufuli, ili zisome CD za kugrave, yaani za kunakiliwa. Mechi moja ya mpira ilikuwa faranga 200, na dola wakati ule ilikuwa kwenye faranga 920 hivi. Vijana walijaa mpaka mlangoni, anayefungwa anampisha mwenzake.

Daftari la sali bado ninalo, na usiku ule nililitoa tukalisoma kwa mwanga wa simu. Puce, dola 15 kila mashine. CD, dola moja na nusu, na nilinunua kama 60, maana zilikuwa zinakwaruzika upesi na nyingi ni mchezo uleule niliourudia. Jumla, dola 135. Diski za asili zilizokwisha kutumika, zile zinazoletwa na wasafiri, zilikuwa dola 15. Kwa hiyo pesa niliyompa fundi wa puce na CD ingeninunulia diski tisa halali, na kila moja ingejilipa kwa mechi 70, yaani Jumamosi na Jumapili moja.

Hapo ndipo "singenunua" inapoanza kuvuja. Kijana aliyekaa kwenye benchi langu kweli hangenunua. Mimi je? Mimi nililipa. Nilimlipa mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa mchezo ule.

Lakini upande wa pili nao una hesabu zake za ajabu. Mtu angezidisha CD zangu 60 kwa dola 60 aseme nimeiba dola 3,600. Si kweli. Hata ningefungiwa sali, pesa hiyo isingetoka mfukoni mwa mtu yeyote Lubumbashi.

Kwa hiyo adhabu zinapimwaje? Nilidhani jaji anahesabu mauzo yaliyopotea kisha anakudai kiasi hicho. Kumbe sivyo. Huko Marekani mwenye haki anaweza kuchagua fidia iliyowekwa na sheria: dola 750 mpaka 30,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa, na hadi 150,000 ikionekana ulikusudia. Halazimiki kuonyesha mteja hata mmoja aliyemkosa. Mwaka 2021 mwenye RomUniverse, tovuti ya nakala haramu za michezo, aliamriwa kuilipa kampuni ya michezo ya Nintendo dola milioni 2.1. Hesabu ilikuwa dola 35,000 kwa kila mchezo, michezo 49, pamoja na 400,000 za alama za biashara. Malipo yalipangwa dola 50 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: ni miaka 3,500. Na hata hizo 50 zilimshinda.

Kesi ya Gary Bowser, Mkanada, ndiyo iliyomnyamazisha mpwa wangu. Alikuwa katika kundi la Team Xecuter lililouza vifaa vya kufungulia mashine za michezo, ndugu wa puce zangu tu. Waendesha mashtaka walikadiria hasara kuwa kati ya dola milioni 65 na milioni 150. Angalia upana wa makadirio hayo! Mwaka 2022 alihukumiwa miezi 40 gerezani, na deni lake lote kwa Nintendo, la jinai na la madai, likafika dola milioni 14.5. Gerezani alikuwa akilipa dola 25 kwa mwezi. Mimi siwezi kuiita hiyo fidia. Ile ni fimbo iliyotundikwa ukutani ili watoto wengine waione.

Na hasara yenyewe? Umoja wa Ulaya uliagiza utafiti, ukakaa kabatini mpaka 2017. Kwa michezo ya video haukuona ushahidi thabiti kwamba nakala haramu zinaua mauzo, ingawa makadirio yake yenyewe yalikuwa ya kuyumba. Utafiti mwingine, wa 2024, uliangalia michezo ya kompyuta yenye Denuvo, kufuli la programu la kuzuia kunakili. Kufuli likivunjwa wiki ya kwanza, mapato yanashuka kama asilimia 20. Likidumu wiki 12, hasara karibu inaisha. Kwa macho ya muuza sali naona hiyo ina akili. Mwenye haraka ndiye mwenye pesa.

Basi ushauri niliompa ni huu. Hapa kwetu kuna sheria ya haki za watungaji ya tarehe 5 Aprili 1986, ya enzi za Zaire, na sijaona mwenye sali akiitwa mahakamani kwa ajili ya CD. Asiitegemee bahati hiyo. Kinachomtofautisha na kijana wa benchi ni zile dola 2: akishaziandika katika daftari, hawezi tena kusema hakuna aliyekuwa tayari kulipa. Kama anataka biashara, anunue diski ya asili, auze mechi. (Ndiyo, hata diski halali imeandikwa kwamba ni ya kuchezea nyumbani. Niliisoma baada ya kufunga sali.) Michezo ya mtandaoni itamsumbua zaidi. Akaunti yangu ya PlayStation niliifungua kwa anwani ya Ufaransa, kwa kuwa Kongo haikuwemo kwenye orodha, na kadi za kuijaza zinauzwa hapa kwa bei ya juu. Kampuni inayolia mauzo yaliyopotea katika mji ambao haijaweka hata kaunta, hiyo nayo inanichekesha.

Kikundi cha Telegram alikifunga wiki ile. Flashi yake imebaki nyumbani, anacheza na wadogo zake umeme ukirudi. Sikumwambia aitupe.