Kabla hujasema chuma kimeiua pampu

Hapa Pwani selimundu si ugonjwa wa kusimuliwa. Mgonjwa akiongezewa damu, kila painti humwingizia miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hutoa miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Kinachobaki ndicho kinachotufikisha kwenye vimeng'enya vinavyosukuma ayoni kupitia utando wa chembe, yaani pampu. Wewe unayeanza kazi hii maabarani, shika jambo moja: chuma huharibu kipimo chako upesi kuliko kinavyoiharibu pampu.

Pampu yenyewe, ya sodiamu na potasiamu, aliyoieleza Jens Christian Skou mwaka 1957, hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP, molekuli inayobeba nishati ya chembe. Chuma cha chaji mbili kikikutana na haidrojeni peroksidi huzaa radikali ya haidroksili, isiyochagua cha kuunguza. Mafuta ya utando huchacha, na vikundi vya salfa vya protini huoksidishwa. Pampu imezama ndani ya mafuta hayohayo, basi hupigwa huku na huku. Ya kalsiamu nayo haisalimiki.

Anza na kopo la feri salfeti, chumvi ya chuma cha chaji mbili. Fuwele nzuri ni za kijani hafifu. Zikiwa na ukungu wa kahawia, hewa yetu yenye unyevu na chumvi imeshazila, usizitumie. Pima miligramu 27.8 za ile yenye maji saba, yeyusha katika mililita 10 za asidi ya haidrokloriki ya milimola 10, upate milimola 10 za chuma. Tengeneza asubuhi ya kazi, weka kwenye barafu. Ikigeuka njano kama chai ya rangi iliyochujuka, mwaga. Mikrolita 20 ndani ya mililita 2 za utando wa chembe nyekundu hukupa mikromola 100. Bafa, yaani maji ya kutuliza asidi, isiwe ya fosfeti: itaunasa chuma, halafu itaujaza mwishoni usomaji wako.

Damu ichukuliwe kwa heparini. EDTA, kizuia kuganda kingine, hukamata chuma, nawe utadhani utando ni sugu. Baada ya kupasua chembe nyekundu kwa bafa nyepesi ya baridi, osha hadi utando uwe mweupe au waridi hafifu sana. Wekundu uliobaki ni himoglobini, na himoglobini ina chuma chake usichokipima.

Shughuli ya pampu ni tofauti ya mirija miwili: mmoja una wabaini, sumu inayozima pampu, milimola 1, mwingine hauna. Hapo ndipo wengi huteleza. Fosfeti inayoachwa na ATP husomwa kwa rangi ya buluu ya molibdeti, na vitamini C, ambayo wengi huiongeza ili chuma kisioksidike, hugeuza molibdeti buluu yenyewe. Chuma kwa upande wake hushika fosfeti na ATP pia. Kwa hiyo, ukishaacha chuma kifanye kazi kwa nyuzi 37, osha utando mara mbili ndipo uweke ATP. Kisha andaa mirija isiyo na utando, yenye fosfeti unayoijua, nusu yake ikiwa na chuma. Mistari miwili ya vipimo isipolingana, usiandike neno lolote kuhusu pampu.

Vyombo visioshwe kwa sabuni yenye fosfeti. Viloweshe kwenye asidi hafifu, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, si ya kisima. Umeme ukikatika na friza ikayeyuka, ATP iliyo kwenye maji huanza kujivunja. Pima mrija wa ATP peke yake kabla ya kuilaumu sampuli.

Shughuli ikishuka kweli, ongeza dithiothreitoli, kemikali inayorudisha salfa zilizooksidika, milimola 2 kwenye utando ulioathirika. Ikipanda tena, ni salfa zilizooksidika. Isipopanda, pima uchachu wa mafuta kwa asidi ya thiobabituriki kwenye nanomita 532, ukitia BHT, kizuia uoksidishaji, kabla ya kuchemsha, maana bila hiyo mafuta huendelea kuchacha ndani ya mrija wenyewe.