Mpangie Safari Mwenye Miguu Mifupi: Siku Mbili za Familia Yetu Orlando

Tangu tuliporudi kutoka Florida, kila familia ya Waswahili hapa Atlanta inayofikiria kwenda Walt Disney World, zile bustani za michezo zilizo karibu na Orlando, hunipigia simu kuniuliza bei ya tiketi. Nami, kabla sijajibu habari ya bei, huwauliza ni nani kati yao atakayechoka wa kwanza. Wengi hudhani natania. Hata hivyo, baada ya kuipoteza siku nzima kwa kutolijua jibu la swali hilo, na kuiokoa siku iliyofuata kwa kulijua, sioni jambo jingine linalostahili kutangulia.

Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, kifungua mimba wetu wa miaka kumi na mmoja, wa kati wa miaka mitano, kitinda mimba ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na mama yangu mzazi aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Safari ya gari kutoka Atlanta hadi Orlando ni kama kilomita 700, nasi tuliiendesha kwa siku moja katikati ya Julai, kwa sababu ndipo shule zilipokuwa zimefungwa na ndipo Mama alipokuwapo. Asiyefungwa na kalenda ya shule ningemshauri aende mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na aikimbie kabisa wiki iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Sisi hatukuwa na hiari hiyo.

Siku ya kwanza niliipanga kwa tamaa. Nilikuwa nimetazama video nyingi kwenye intaneti, nikaandika michezo kumi na minne tutakayoipanda, kisha tukaamka tukiwa tumechoka na barabara, tukanywa chai taratibu, tukafika getini karibu na saa tano asubuhi, wakati foleni zilikuwa zimekwisha kushiba watu. Hadi jioni tulikuwa tumepanda michezo mitatu. Mama alikataa kiti cha magurudumu kwa hoja kwamba yeye si mgonjwa, na kufikia saa nane mchana alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bustani ya maua, viatu mkononi. Lililoniuma zaidi ni la mtoto wa kati. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimemwahidi treni fulani ya kupanda na kushuka kwa kasi, na tulipofika mlangoni mtumishi akamsimamisha kwa upole kando ya fimbo ya kipimo. Kipimo kilikuwa sentimita 112. Yeye alikuwa na 109, viatu vikihesabiwa. Hakupiga kelele, aliitazama ile fimbo, kisha akanitazama mimi, na hilo lilinishinda kuliko kilio.

Usiku huo, hotelini, niliichana orodha yangu, tukaandika nyingine kuanzia chini kwenda juu, yaani kuanzia kwa mfupi na mchovu. Siku ya pili ilikuwa ya Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney, ya wanyama na michezo, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 na yenye eneo la zaidi ya ekari 500, na vimo vya michezo yake vimeandikwa wazi katika programu ya simu ya bustani pamoja na muda wa kusubiri wa kila foleni. Expedition Everest, treni ya kasi ya huko, inataka sentimita 112, na Flight of Passage, mchezo wa kuigiza kuruka angani, kadhalika. Mtumbwi wa Kali River Rapids unataka 97. Safari ya kutazama wanyama na ile ya mashua katika Na'vi River Journey hazitaki kimo chochote. Palepale tukajua kwamba mchezo mkubwa ungekuwa mmoja tu, wa kifungua mimba. Kwa mchezo kama huo upo utaratibu ambao wageni wengi hawauulizii: mzazi mmoja hubaki nje na mtoto mdogo, na mwenzake akirudi, yeye huingia bila kuirudia foleni ndefu tangu mwanzo. Mwambie mtumishi wa mlangoni kabla hamjajipanga, si baada. Mtoto mkubwa alikwenda na mama yake, kisha akarudi tena nami, akawa amepanda mara mbili.

Kuhusu tiketi sitasema mengi, kwa kuwa bei hubadilika kulingana na tarehe. Mtu mzima hulipa zaidi ya dola 100 kwa siku, mtoto wa miaka mitatu hadi tisa hulipa pungufu kidogo, aliye chini ya miaka mitatu haingii katika hesabu, na anayefikisha miaka kumi huhesabiwa mtu mzima, jambo ambalo lilinigharimu kwa kifungua mimba. Nunueni mapema, na ikiwa kitinda mimba wenu anakaribia miaka mitatu, mpelekeni kabla hajaifikisha. Huduma ya kulipia ili kupita foleni ya haraka inauzwa pembeni, nayo bei yake hupanda siku zenye watu. Kwa maoni yangu, familia yenye watoto wadogo haina haja ya kuinunulia kila mtu, maana michezo mingi waipendayo wadogo hupandika bila shida katika saa moja ya kwanza.

Saa hiyo ya kwanza ndiyo mali. Siku ya pili tulikuwa getini nusu saa kabla ya kufunguliwa. Mashine ya tiketi ilitaka kusoma kidole, na Mama akaninong'oneza, «Mwanangu, kwani tumefika tena uhamiaji?» Tulipoingia hatukusimama dukani wala mbele ya Mti wa Uzima, ule mti wa kutengenezwa wenye urefu wa mita 44 uliochongwa wanyama shina zima, utakuwepo tu hata mchana. Tulikwenda moja kwa moja Kilimanjaro Safaris, ile safari ya kutazama wanyama, kwa sababu wanyama ni wa kweli, na wanyama wa kweli hutembea asubuhi kabla jua halijawapeleka kivulini.

Njia ya kwenda huko hupita Harambe, mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wabunifu wake waliutazama sana mji wa Lamu walipouchora. Kuta zimebanduliwa kwa makusudi, mabango ni ya Kiswahili, pana duka la kahawa liitwalo Kusafiri na soko la Mombasa. Mama alisimama mbele ya ukuta ulioandikwa «Uhuru 1961», akausoma kwa sauti, akasema wakati huo yeye alikuwa msichana wa kuchota maji. Nilipomweleza kwamba njia ya kuwaona gorila iliyo jirani iliwahi kuitwa Pangani, alikozaliwa yeye, alinijibu kwamba Pangani hakuna gorila na aliyewaambia hivyo aliwadanganya.

Tulipopanda lile lori la wazi, dereva akatusalimu, «Jambo!» Abiria wote wakaitikia, «Jambo!» Mama peke yake akasema, «Sijambo, mwanangu, habari za kazi?» Dereva hakuelewa, ila alicheka. Safari nzima haizidi sana dakika ishirini, lakini yetu ilirefuka kwa sababu twiga alisimama katikati ya barabara na lori likalazimika kumngoja. Alikuwa karibu kiasi cha kuonekana kope zake. Mama ameishi miaka yote hiyo jirani na hifadhi ya wanyama ya Saadani, na alikuwa hajawahi kumwona twiga isipokuwa kwenye noti na vitambaa. Alimwona wa kwanza Florida, mkono wake ukiwa umeushika mkono wa mjukuu wake wa miaka mitano. Mchezo huo hauna kimo wala msisimko, na ndio watoto wanaoukumbuka hadi leo.

Sasa mambo ya mkobani, ambayo kwangu yana uzito kuliko mengi yanayoandikwa. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingizwa, mradi kisiwe ndani ya chupa za kioo, na hilo peke yake litaokoa fedha nyingi, mbali na kuwaondolea wasiwasi wale wanaochagua nyama. Mama alikuwa amekunja chapati na mayai ndani ya karatasi ya foili tangu alfajiri. Maji baridi hutolewa bure kwa kikombe penye vibanda vinavyouza vinywaji vya mashine; omba tu. Chukueni makoti mepesi ya mvua, kwa kuwa Julai mvua ya radi huja mchana karibu kila siku na michezo ya nje husimamishwa hadi ipite. Kigari cha mtoto huachwa nje ya kila mchezo, watumishi huvisogeza ili kupanga nafasi, na vigari vyote hufanana: mke wangu alifunga kipande cha kanga nyekundu kwenye mpini, tukawa tunakiona chetu kutoka mbali. Ama kiti cha magurudumu, hukodishwa karibu na geti, nasi safari hii hatukumwambia Mama kuwa ni chake. Tulisema ni cha kubebea mikoba. Alikisukuma mwenyewe kwa muda wa saa moja hivi, kisha akaiweka mikoba mapajani na kuketi.

Saa saba mchana tuliondoka. Hili ndilo watu hubishana nami zaidi, kwamba mtu atalipaje fedha zote hizo halafu atoke jua likiwa utosini. Lakini kufikia saa hiyo tulikuwa na saa tano nzuri nyuma yetu, michezo minne, twiga mmoja, na watoto ambao bado walikuwa wakizungumza na sisi kwa adabu. Tulilala hotelini wakati mvua ikinyesha, tukarudi saa kumi na moja kwa tiketi zilezile, na wakati huo familia nyingi zilikuwa zikitoka, watoto wakiwa mabegani.

Mtoto wa kati hakuisahau ile treni aliyozuiwa kuipanda. Tulipofika Atlanta alidai tumpigie mstari wa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kwenye sentimita 112 kamili, na kila Jumamosi asubuhi husimama hapo bila viatu, kisigino ukutani, akamwita mmoja wetu aje na rula. Wiki iliyopita alikuwa na 111.