Umekanyaga msumari kazini halafu nyapara anasema usiandikishe? Soma hapa kwanza

Mkuu, achana na hiyo "tutamalizana wenyewe". Achana nayo kabisa. Umeandika una wiki tatu kazini, juzi umekanyaga msumari ukiwa unabeba mbao, nyapara kakuomba usiandikishe "tusichafue daftari". Halafu ukaendelea kuuliza mambo ya kuwahi, simu na ovataimu, ili kibarua kisiote nyasi. Yaani msumari umeutaja kwa kupita tu. Huo msumari ndio swali lenyewe!

Mimi yalinikuta, ila kwangu ulikuwa mgongo. Tulikuwa tunashusha simenti kwenye lori, mifuko ya kilo 50, na nilikuwa na sifa za kijinga. Wenzangu wanashika wawili wawili, mimi natupia begani peke yangu huku napiga mluzi. Mfuko wa kumi na ngapi sijui, nikageuza kiuno miguu ikiwa imebaki palepale, nikasikia "tik" chini ya mgongo. Ndogo tu, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Nikautua ule mfuko taratibu kama trei ya mayai, jasho la baridi linanitoka. Nyapara akaja akaniinamia: "Kaa kivulini kidogo. Ukiandikisha, ofisi itasema huwezi kazi, na wakipunguza watu wataanza na wewe. Mimi nitakulinda."

Nikamshukuru. Mkuu, nilimshukuru kwa mikono miwili!

Jioni nikachua dawa, kesho yake nikarudi. Na ili nisionekane goigoi, nikaomba na ovataimu. Ujinga una bidii sana. Siku nne mfululizo nilisaini mahudhurio asubuhi, saini yangu ile yenye mkia mrefu, mkono wa pili umeshika meza ili nisimame wima. Siku ya tano sikuweza kushuka kitandani. Buti ziko pale chini, hatua moja, naziangalia kama ziko ng'ambo ya mto.

Nikampigia mlinzi wangu. "Umeumia lini wewe? Daftari linaonyesha umefanya kazi siku zote, na ovataimu juu."

Saini zangu mwenyewe ndizo zilizonimaliza. Kila siku niliyojikaza kiume iligeuka ushahidi kwamba sikuumia. Zahanati nako nilijiharibia kwa mdomo wangu. Nilimwambia tabibu "mgongo unauma", naye akaandika hivyohivyo. Kwenye karatasi hakuna kazini, hakuna simenti, hakuna tarehe ya tukio. Baada ya siku tisa nikaambiwa nimeondolewa kwa utoro. Kwa utoro, mimi! Mtu ambaye nilikuwa naomba kazi ya ziada na mgongo umekatika. Yule nyapara bado anawaita vijana "wanangu". Mungu awalinde hao watoto.

Nikiwa nimelala chali na simu ndipo nikasoma niliyopaswa kuyajua mapema. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Si nchi zote zimeuridhia. Lakini hata pale sheria inapokuwa upande wako, utaulizwa ulimwambia nani na lini. Jibu langu lilikuwa: nilimwambia nyapara, kivulini. Nikasoma pia kwamba NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaanza hesabu zake za kunyanyua mzigo kwenye kilo 23 na kushuka chini, yaani hizo 23 ndizo kikomo, hapo mazingira yakiwa mazuri kabisa. Nikacheka, mgongo ukanikumbusha nisicheke.

Sasa wewe. Msumari ni mbaya kuliko unavyoudhani, kwa sababu pepopunda huweza kujitokeza kuanzia siku 3 hadi 21 baada ya jeraha. Siku hiyo ikifika, kidonda kimeshafunga, mbao zimeshapigiliwa, nani atakumbuka? Nenda kituo cha afya leo, ulizia sindano ya pepopunda, na umwambie anayekuhudumia aandike kwamba umeumia KAZINI, tarehe fulani. Karatasi ikitoka, ipige picha kabla hujaikunja.

Kisha mtumie nyapara ujumbe wa simu. Usimpigie, andika: "Jumatatu saa nne nilikanyaga msumari nikiwa nabeba mbao, fulani alikuwepo, naomba iingie kwenye daftari la ajali." Heshima zote, bila hasira. Hata asipojibu, ujumbe una tarehe na saa. Akikununia, mwache anune. Anayeweza kukuachisha kwa sababu umesema umeumia atakuachisha tu hata ukinyamaza, tofauti ni kwamba utaondoka mikono mitupu kama mimi.

Kuhusu simu kazini, iweke mfukoni. Kuwahi, wahi. Ovataimu… kuna kitu nilitaka kusema kimenitoka, wengine watakujibu. Kwanza niambie, ulikuwa mguu wa kulia au wa kushoto, na nani alikuwa karibu? Kama umeanza kusahau, andika sasa hivi kabla hujafungua uzi mwingine.