Baba amekufa kwa vumbi la asbesto: je, kudai fidia ni kupinga kadari?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu amefariki hapa Makorora, Tanga. Ujanani alikuwa baharia, kisha akashuka Uingereza akafanya kazi kwenye kiwanda cha meli kuanzia 1966 hadi 1974, akivisha mabomba ya chumba cha injini kwa asbesto. Mwaka jana hospitali walimtoa kinyama kifuani wakasema ni mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Kaka yetu aliye Liverpool amepata wakili anayesema familia ina haki ya kudai. Ami yetu amekataa katakata: siku ya baba ilikuwa imefika na kushitaki ni kupinga kadari, kampuni imeshakufa, kwa hiyo pesa itatoka bima, nayo ni haramu, tena baba alipokuwa kitandani alisema "nimewasamehe wote". Mama amekaa eda na ameambiwa asitie saini karatasi yoyote. Warithi ni mama, kaka, mimi na mdogo wangu wa kike. Tufanye nini, na ikipatikana tugawane vipi?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na ampe mama subira.

Katika hadithi ya Jabir bin Atik, iliyomo kwenye Muwatta na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amewataja mashahidi saba wasiokuwa wa vitani, na mmoja wao ni aliyekufa kwa dhatul-janb, maradhi ya ubavuni. Maradhi ya baba yako hukamata utando unaofunika mapafu, chini ya mbavu pale pale, nami nataraji kwa Mola wetu awe miongoni mwao. Ila tazama: katika saba hao yumo pia aliyeangukiwa na jengo, na kupata kwake daraja hiyo hakumwondolei mwenye jengo dhamana yake.

Ami yako amesema nusu ya kweli. Kwamba ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, haisogei mbele wala nyuma, hiyo ni imani yetu sote. Lakini kasome Surat Nisaa, aya ya 92. Inamzungumzia Muumini aliyeuawa kwa makosa, pasi na kusudi. Huyo naye siku yake ilikuwa imefika, na juu ya hivyo Mwenyezi Mungu ameamrisha diya, yaani fidia ya roho, ikabidhiwe watu wake, isipokuwa wenyewe wakiiacha kuwa sadaka. Ingekuwa kadari inafuta deni, aya hii isingekuwa na kazi.

Mtasema hakuna aliyemuua baba kwa mkono wake. Ni kweli, hapa tuko kwenye mlango wa kusababisha. Maulamaa, hasa wa Kihanafi, wamemzungumzia mwenye ukuta ulioinamia njia: akishaonywa, akapata muda wa kuubomoa na asiubomoe, ukimwangukia mpita njia atalipa. Sasa wale waajiri walionywa lini? Serikali ya Uingereza ilitoa kanuni za kuzuia vumbi la asbesto viwandani mwaka 1931, na mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini walikwishachapisha uhusiano wa vumbi hilo na saratani hii. Baba yako ameingia kazini 1966. Ukuta ulikuwa umeinama na mwenyewe ameshaambiwa. Kwamba maradhi yamemkuta uzeeni, ameshasahau hata majina ya wenzake wa kazi, ndiyo tabia yake: hukaa kimya miaka 20, 30, hata 50, kisha maji yakajaa kifuani.

Lililonishughulisha zaidi ni lile neno la baba. Mgonjwa wa kwetu akizidiwa huomba radhi na hutoa radhi kwa kila anayeingia chumbani, na hiyo ni sunna njema ya watu wetu. "Nimewasamehe wote" kwa desturi inawakusudia jamaa, majirani na waliokosana naye, haikikusudii kiwanda cha ng'ambo ambacho pengine hakujua kama anakidai. Waulizeni waliokuwa kitandani pake: alikitaja kiwanda? Kama hakukitaja, msimzulie. Na hata angekitaja, msamaha wa fidia anaoutoa mtu katika maradhi ya kifo maulamaa wengi wameuhesabu kuwa wasia, hauvuki thuluthi. Thuluthi mbili ni za warithi, na hizo hakuna wa kuwasamehea. Kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume, ami yenu si mrithi. Neno lake ni nasaha ya mzee, isikilizwe kwa adabu, lakini halifungi mtu.

Bima na hukumu yake ni mlango mwingine. Wewe hukununua bima, unamdai mwajiri. Atakakozitoa ni hesabu yake yeye. Hata diya ya makosa katika sheria yetu haimwelemei muuaji peke yake, hubebwa na akila yake, yaani jamaa zake kwa kuchangizana. Kule kampuni ikifa, mawakili humtafuta aliyekuwa bima wake. Asipopatikana mwajiri wala bima, upo mfuko uliowekwa na sheria ya 2014 kwa wagonjwa wa mesothelioma waliogunduliwa kuanzia tarehe 25 Julai 2012, na makampuni ya bima ndiyo yanayouchangia. Na kama mzee alihamahama viwanda, hamlazimiki kuonyesha ni vumbi la kiwanda gani lililomuua; mahakama ya juu kabisa ya huko ilikata shauri hilo mwaka 2002.

Kumlipa wakili akishinda tu hakuna tatizo kwangu, kunaingia katika jaala, yaani ujira anaoahidiwa mtu kazi ikitimia. Kwenye Surat Yusuf, aliyeleta kopo la mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia, na hakuna aliyeahidiwa kitu kwa kutafuta akakosa. Ninachokiogopa ni mdomo wa kaka yako. Miaka minane isiwe kumi na tano, na shahidi ambaye hakufanya kazi na baba asipangwe. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, hata mbele ya hakimu asiye Muislamu.

Kaburi msiliguse. Akitokea mtu kutaka maiti ifukuliwe, mwambieni kinyama kilishapimwa akiwa hai na majibu yako hospitali. Hakuna dharura ya kulifukua.

Mama asaini. Eda inamkataza kuposwa, kujipamba na kutoka bila haja, haimkatazi kalamu. Wakili au karani amfuate nyumbani. Wala msingoje miezi minne na siku kumi ndiyo muanze, kwa sababu kwa sheria ya Uingereza muda wa kawaida ni miaka mitatu tangu kifo, au tangu ilipojulikana sababu yake, na kutafuta nyaraka za kazi za mwaka 1966 kunakula muda. Fanyeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari, mchukue cheti cha kifo RITA, mteue msimamizi wa mirathi mumpeleke mahakamani. Kibali cha kule wakili atawaonyesha njia yake.

Mgawanyo ndio mahali ndugu hugombana. Sheria ya kule hutoa fedha kwa mafungu tofauti. Iko fidia ya maumivu aliyoyapata marehemu mwenyewe kabla hajafa: hiyo ni tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu, bila shaka. Lipeni madeni yake, tekelezeni wasia kama upo, kisha gaweni katika sehemu 32: mama 4, ambayo ndiyo thumni yake, kaka 14, wewe 7 na mdogo wako 7. Kisha kuna fedha za waliokuwa wakimtegemea, na kiwango maalumu anachopewa mjane kwa kufiwa. Wapo maulamaa watakaosema zote ni badali ya roho, basi zirithiwe. Mimi naegemea kwamba kilichotolewa kwa jina la mama, kwa hasara yake mama, ni chake. Na kaka akijaribu kumtoa mama kwenye fungu la tarika, msomeeni kisa cha Sayyidna Umar: alikuwa akiona mke harithi diya ya mumewe, mpaka Dhahak bin Sufyan alipomjulisha kuwa Mtume (s.a.w.) alimwandikia ampe mke wa Ashyam fungu lake, na Umar akarejea. Andikeni makubaliano sasa hivi, kabla pesa haijaonekana.

Mahakama ikiongeza riba juu ya fidia, msiwaachie. Itengeni, muwape mafukara bila kunuia thawabu ya sadaka.

Wasomaji ambao marehemu wao walifanya kazi hapa hapa nchini, nendeni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015. Taarifa ya kifo itolewe ndani ya miezi 12.

Jambo la mwisho, dada yangu. Kama mama ndiye aliyekuwa akikung'uta na kufua ovaroli za baba kule, mpelekeni akapigwe picha ya kifua, na daktari aambiwe habari ya vumbi hilo hata asipouliza. Wake wa wafanyakazi hao nao wameugua kwa kufua tu. Eda haizuii hospitali.

Wallahu aalam.