Kabla hujaweka mtaji kwenye mashine mpya ya gemu

Wadogo zangu mnaoanza biashara ya vifaa vya elektroniki, kuna swali ambalo wateja watawauliza, na ninyi wenyewe mtajiuliza mkisimama Dubai mbele ya mzigo wa bei nafuu. Kampuni kubwa ya televisheni au simu inatangaza mashine yake ya gemu. Je, itaweza kumng'oa Sony au Nintendo? Niagize mzigo mapema kabla wengine hawajashtuka?

Mimi niliwahi kuagiza. Ilikuwa mashine ya mkononi ya kampuni ambayo sitaitaja. Kioo chake kilikuwa kizuri, betri inadumu, na mwenye duka la jumla aliniapia kwamba ndani ya mwaka mmoja kila mtoto ataitaka. Nikachukua 30. Kuuza 6 tu kulinichukua miezi, na zilizobaki niliziachia kwa bei iliyoniuma. Kila kijana aliyeishika aliuliza neno moja: "Ina mpira wa mwaka huu?" Haikuwa nao, na hakuna aliyekuwa anautengeneza kwa ajili yake. Hasara ile ndiyo iliyonifanya nianze kuisoma historia ya biashara hii kwa bidii, na naomba mnisikilize ili ninyi msilipe ada niliyolipa mimi.

Sisi wa huku tuna sababu yetu ya kukosea hesabu. Nilianza na kibanda cha gemu, TV tatu za chogo na PS2 zilizowekewa chipu, zinasoma diski za kunakili zilizouzwa barabarani kwa bei ya maandazi. Kwetu fedha ilikuwa kwenye boksi. Ukishanunua mashine, gemu ni kama bure. Kwa hiyo tukakua tukiamini kwamba biashara ya gemu ni biashara ya kuuza mashine, na kwamba anayejua kuunda mashine nzuri atashinda.

Kwa wenye mashine hesabu iko upande wa pili. Mara nyingi mashine huuzwa kwa faida ndogo, na mara nyingine kwa hasara kabisa. Fedha inarudi kupitia gemu: kila nakala halali inayouzwa, aliyeitengeneza humlipa mwenye mashine mrabaha. Kiwanda cha televisheni hakijazoea maisha hayo. Televisheni inatakiwa ilete faida siku inayotoka dukani, kwa sababu kwa miaka mingi baada ya hapo haikumwingizia aliyeiunda chochote cha maana.

Sasa niwape mfano ninaoupenda kuliko yote, wa Matsushita, yaani Panasonic. Kama ungekuwa mfanyabiashara Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukaambiwa kwamba Panasonic na Sony wote wanaingia kwenye gemu, fedha yako ungeiweka kwa nani? Mimi ningeiweka kwa Panasonic bila kusita. Kwenye vita ya kanda za video, VHS ya JVC, kampuni iliyokuwa chini ya Matsushita, ilikuwa imeishinda Betamax ya Sony. Panasonic ilikuwa na viwanda, ilikuwa na maduka kila kona ya Japani, na ilitangulia sokoni.

Mashine waliyoingia nayo iliitwa 3DO. Wazo lilikuwa la Trip Hawkins, mwanzilishi wa Electronic Arts. Kampuni yake, nayo ikiitwa 3DO, haikuunda mashine yenyewe. Ilichora ramani, ikatoa leseni kwa viwanda: Panasonic, GoldStar ambayo leo ni LG, na Sanyo. Kwa watengenezaji wa gemu aliweka mrabaha mdogo, dola 3 kwa nakala, ili waje kwa wingi. Kwenye karatasi, mpango ulipendeza. Ila jiulize, Panasonic inapata wapi chake? Mrabaha unakwenda 3DO. Kiwanda kinabaki na boksi tu, na boksi lazima lilete faida lenyewe. Ndiyo maana Oktoba 1993 mashine ile iliingia madukani Marekani kwa dola 699, wakati Super Nintendo ilikuwa imeanza kuuzwa huko mwaka 1991 kwa dola 199. Soma bei hizo mbili polepole. Mashine ilikuwa na nguvu, wahandisi walikuwa hodari, jina ni kubwa, lakini hakuna mzazi wa kawaida aliyeweza kuinunua, na watengenezaji wa gemu hufuata palipo na wachezaji.

Panasonic haikukata tamaa, na hapa ndipo somo linapokuwa zito. Mwaka 1995 Matsushita ilinunua kutoka 3DO teknolojia ya mashine iliyofuata, M2, kwa dola milioni 100. Mwaka 1997 ikaifuta kabla haijafika dukani, na sehemu ya teknolojia ile ikaishia kwenye mashine za kutolea fedha na za kuuzia kahawa. Mwaka 2001 ikatoa Japani Panasonic Q, ambayo ilikuwa GameCube ya Nintendo iliyoongezewa kisoma DVD. Iliuzwa yeni 39,800 wakati GameCube yenyewe ilikuwa yeni 25,000. Mwaka 2010 ikatangaza mashine ya mkononi, Jungle, na mwaka 2011 ikaiacha. Safari nne hizo kwa kampuni ambayo hakuna anayetilia shaka ujuzi wake wa umeme! Nikisikia mtu anasema "hawa wana viwanda, watashinda tu," namkumbusha hizo nne.

Sasa tazama Sony. Wengi husimulia kwamba ilishinda kwa sababu ya diski, na diski ilisaidia kweli. Pia husimulia jinsi Nintendo ilivyoiaibisha Juni 1991 huko Chicago: siku moja baada ya Sony kutangaza mashine waliyokuwa wakiiandaa pamoja, Nintendo ikatangaza kwamba inakwenda na Philips. Ken Kutaragi, mhandisi wa Sony, na bosi wake Norio Ohga waliendelea peke yao. Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili: kampuni iliyoundwa mwaka 1993 kwa ajili ya PlayStation, Sony Computer Entertainment, ilikuwa ya ubia kati ya Sony ya vifaa na Sony Music ya Japani. Watu wa muziki walijua kukaa na wasanii, kulea kipaji, na kuchapa diski nyingine upesi pale wimbo unaposhika. Wakawatendea watengenezaji wa gemu vivyo hivyo. Kwenye katriji za Nintendo, yaani vijisanduku vya plastiki vyenye gemu ndani, ulipaswa kuagiza mzigo mapema na kwa gharama kubwa, na ukikosea hesabu stoki inakufia. Diski ilichapwa haraka na kwa bei ndogo. Kwa mfanyabiashara kama mimi na wewe, hiyo ni tofauti kati ya kulala usingizi na kukesha.

Kwa hiyo PlayStation ilipotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994, kampuni ya gemu ya Namco ilikuwa tayari na gemu ya magari. Mwaka uliotangulia Sony ilikuwa imeinunua Psygnosis ya Uingereza, kampuni ya kutengeneza gemu. Mwaka 1997 Square, kampuni nyingine ya gemu, ikatoa Final Fantasy VII kwenye PlayStation baada ya miaka mingi ya kuwa na Nintendo. Jumla ya PlayStation ya kwanza zilizouzwa ilipita milioni 100.

Kuna kisa kingine cha wakati huohuo ambacho kila mwenye duka anapaswa kukijua. Mei 1995, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 huko Los Angeles, Sega ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Saturn, imeshaanza kuuzwa siku hiyohiyo, dola 399, katika maduka machache iliyoyachagua. Steve Race wa Sony alipanda jukwaani akatamka bei tu, 299, akashuka. Maduka yaliyoachwa nje yalikasirika, na KB Toys ikakataa kuiuza Saturn. Sega ilikuwa mkongwe wa gemu, si mgeni, lakini ilisahau kwamba muuzaji naye ana moyo. Mgeni yeyote akija kwako, angalia anavyowatendea wauzaji wadogo kabla hajakuhitaji.

Wengine nitawapitia haraka. Apple na Bandai walileta Pippin mwaka 1996 kwa dola 599, ikafa upesi. Nokia ilileta N-Gage mwaka 2003, simu na gemu kwa pamoja, na ilipokuja, kubadilisha gemu kulikutaka ufungue simu utoe betri. Google ilianzisha Stadia, huduma ya kucheza gemu kupitia mtandao, Novemba 2019, ikafunga studio zake za gemu mwanzoni mwa 2021, na Januari 2023 huduma yenyewe ikazimwa. Hao hawakukosa fedha wala wahandisi.

Aliyefanikiwa kuingia baada ya Sony ni Microsoft, na bei aliyolipa itawaonyesha ukubwa wa mlango. Ilinunua studio ya Bungie mwaka 2000 ili Xbox isitoke mikono mitupu Novemba 2001. Ilivumilia hasara ya mabilioni kwenye mashine ile ya kwanza. Mwaka 2007 ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa sababu Xbox 360 zilikuwa zinaharibika na kuwasha taa nyekundu. Oktoba 2023 ikakamilisha ununuzi wa kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Hata baada ya yote hayo, leo baadhi ya gemu zake inaziuza kwenye PlayStation.

Basi ukiniuliza kama kampuni nyingine ya elektroniki inaweza kuingia, jibu langu ni ndiyo, ila mlango nauona upande mwingine. Mtazameni Valve, wenye duka la mtandaoni la gemu za kompyuta liitwalo Steam. Mashine yao ya mkononi, Steam Deck, ilipotoka Februari 2022 kwa dola 399, mnunuzi aliikuta na maelfu ya gemu alizokuwa anazijua, nyingine ameshazilipia miaka mingi nyuma, kwa sababu duka la Steam lilitangulia na Valve ilikuwa na programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta ulio wa bure. Kilichokuja mwisho ni boksi. Kampuni ya televisheni inayotaka njia hiyo italazimika kupanga kwenye nyumba ya mtu mwingine, kama ASUS ilivyofanya na ROG Ally mwaka 2023 kwa kutumia Windows. Inaweza kuuza vizuri tu, lakini mrabaha wa gemu hauingii kwake, kwa hiyo bei yake itakuwa juu. Ukiuziwa mashine ya namna hiyo, ichukulie kama kompyuta ndogo. Mteja wake ni mtu mzima mwenye kipato. Usiipange pembeni ya PS5 ukitarajia baba mwenye watoto watatu ataichukua.

Na ukiwa huna uhakika, chukua 2. Mimi siku hizi nafanya hivyo. Moja naifungua, naiweka juu ya meza karibu na mlango ikiwa na chaji na pedi mbili, nawaacha vijana wa mtaani waicheze bure wiki nzima. Siku ya kwanza watajaa, hilo lisikudanganye. Mimi nahesabu wanaorudi Alhamisi na Ijumaa, nasikiliza wanaitana kucheza gemu gani, na baada ya hapo ndipo nampigia simu wakala.